Chokaa Iliyosubiri Kibali

Siku mliyoniaga pale ofisini nilipostaafu mlinitaka niseme neno. Nikasimama, nikashukuru kwa pilau na soda, nikakaa. Mlicheka, mkadhani ni haya. Haikuwa haya. Nilipoinuka nilimkumbuka fundi wangu wa kwanza, na maneno yakakauka. Sasa niko nyumbani na hakuna wa kunikatiza. Nitawaandikia habari ya soko tulilotaka kujenga katikati ya Mpanda miaka ya sabini. Hamjapata kuliona kwa sababu halikujengwa.

Vyeo na mishahara yangu viko kwenye faili, atakayependa akavisome. Havina ladha.

Niliajiriwa idara ya ujenzi nikiwa kijana wa darasa la saba. Siku ya kwanza nilikuja na mwiko mpya unaong'aa, zawadi ya mjomba wangu mrina asali wa Ugalla. Fundi Damiani aliupokea, akausogeza karibu na uso kama mtu anayenusa samaki, kisha akauchomeka kwenye paa la banda la vifaa.

"Huu upumzike," alisema. "Jina lako nani?"

"Gaspari."

"Gaspari, unajua kusonga ugali?"

"Mzee, ugali nyumbani husonga mama."

Mafundi wengine wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi hujui kujenga," alisema, akanikabidhi mti mrefu kuliko mimi na kunipeleka kwenye shimo la chokaa.

Damiani alikuwa Mpimbwe kwa kabila. Kazi ya uashi alifundishwa ujanani na mapadre wa misheni moja kando ya ziwa, wakati saruji ilikuwa haijafika huku kwetu, na majengo yalisimama kwa matofali ya kuchoma na chokaa. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuwa jeupe, na la pili lilikuwa linafuata. Hakuna aliyelitaja mbele yake. Alipotaka kusoma pimamaji alimwita mtu, akasema, "Hebu soma wewe, upate kujifunza." Sote tukawa hodari wa kusoma pimamaji.

Timazi yake ya kunyooshea kuta aliitengeneza mwenyewe kwa madini ya risasi ya hapa hapa Mpanda, kipande alichokipata mgodi ulipofungwa. Ilikuwa nzito, ya kijivu, na haikuyumba kwenye upepo. Aliniambia, "Ukuta haujui kusoma na kuandika. Unajua uzito tu." Ninayo timazi hiyo mpaka leo.

Mpango wa soko ulikuwapo tayari nilipoanza kazi. Katikati ya mji lilikuwapo jengo la mawe tuliloliita Ghala. Lilijengwa enzi za mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipokufa likazungukwa na vibanda, wauza mchele kutoka Mpimbwe, wauza mihogo, wauza dagaa, wote wakijibanza kwenye vivuli vya kuta zake. Wilaya ilitaka Ghala na vibanda viondolewe, pajengwe soko jipya lenye paa refu na maduka pande mbili. Saruji ilikuwa adimu siku zile. Mfuko mmoja ukionekana mjini, habari zake zilitembea kama habari za msiba. Damiani akajitokeza na kusema soko litajengwa kwa chokaa, kama makanisa yalivyojengwa. Mhandisi wa wilaya alikuwa kijana msomi, mpole, ambaye alikuwa amewahi kuona majengo ya chokaa pwani, akakubali mara moja. Mhandisi huyo sitamsema vibaya. Kazi yake aliijua vizuri kuliko sisi sote.

Jioni ile Damiani aliniambia nikiwa namshika mkono kuvuka mtaro, "Gaspari, nimejengea watu makanisa na nyumba za mapadre. Hili soko ni la kwetu. Nataka nilione kwa jicho lililobaki. Likishaisha, hata likizimika, sawa."

Hilo ndilo alilolitaka, na ndilo nililolitaka mimi kwa ajili yake. Mengine yote ninayoandika hapa yanatokana na hilo.

Mawe ya chokaa yalikuja kwa behewa. Tuliyachoma kwenye tanuru kwa magogo ya miyombo, tukayazima kwa maji, yakachemka na kuguruma kama tumbo la mwenye njaa. Tukachekecha uji wake ukaingia kwenye shimo kubwa lililojengewa matofali. Hapo sasa ndipo kazi ya kusonga ilipokuwa. Chokaa ikiwa changa hupasuka ukutani. Ikikaa ndani ya maji, hulainika kila msimu, mpaka inakuwa kama maziwa ya mgando, inashika mwiko na haitaki kuachia. Lakini maji yasikauke juu yake. Ikipigwa na hewa inakuwa jiwe, na kazi yote imekwenda bure. Damiani alisema, "Ikae msimu mmoja. Kibali cha ujenzi kikitoka itakuwa imeiva."

Tukaanza kwa kuezua Ghala. Mabati yalishushwa vizuri, yakapelekwa kuezeka darasa la kijiji kipya. Wauzaji tukawahamishia kiwanja cha karibu na stesheni, kwa muda. Neno "kwa muda" mlizoee, mtalikuta sana katika kazi hii. Tulikuwa tumeshika nyundo kuanza na kuta, agizo likaja kwamba tusimame. Michoro ilikuwa haijapata kibali cha juu, na pia kulikuwa na malalamiko.

Mlalamikaji alikuwa Bibi Veronika. Mumewe alikuja kutoka Ufipa kufanya kazi mgodini, akafa kwa homa, na kwa kuwa hawakuwa na ndugu mjini, maiti ililazwa Ghalani mpaka walipopata watu wa kuzika. Alizikwa mbali, porini, na kaburi likapotea kwenye nyasi. Kilichobaki kwa bibi ni ukuta. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja na wajane wenzake wawili watatu, akaweka unga wa ulezi juu ya jiwe moja chini ya ukuta wa magharibi, akaongea na mumewe, akaondoka. Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mbele.

Alikuja siku ile tulipoezua, akasimama katikati ya kuta zisizo na paa.

"Nyie watoto," alisema, "mmemvua mtu nguo, halafu ndiyo mnaulizana kama mumzike au msimzike."

Alikwenda ofisi ya wilaya, akakaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, na kesho yake tena, mpaka wakamsikiliza. Malalamiko yake yakapanda juu. Huko juu kulikuwa na watu wanaoshughulika na majengo ya zamani, na mmoja wao akaandika kwamba Ghala lisiguswe mpaka liangaliwe na mtaalamu.

Masika yakapita, kiangazi kikaingia. Mafundi wengine walipelekwa kujenga zahanati na shule kwenye vijiji vipya, mpaka Mwese huko milimani. Mimi nilibakizwa kumwagilia shimo la chokaa. Nilichota maji kisimani kwa madebe mawili na mti begani, nikayamwaga, nikafunika kwa makuti. Watu walipita.

"Gaspa, shamba lako limeota?"

"Bado."

"Ukivuna utukumbuke!"

Mwaka wa pili walichoka hata kunitania. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Damiani alikuwa anakuja, anachovya kidole, anasugua chokaa kwa dole gumba. "Nzuri," anasema. "Kitu pekee katika wilaya hii kinachofaidika na kuchelewa." Kisha anauliza, kama vile halimhusu, "Kibali?" Ninajibu bado. Jicho lake sasa lilimwonyesha mtu kama kivuli, na rangi alibaki na chache.

Siku moja aliniambia twende kwa Bibi Veronika. Alibeba jogoo. Bibi alitukaribisha kwa uso mgumu, akatoa viti, na kwa kuwa jogoo si kitu cha kukataa, akatoa na kibuyu cha pombe ya ulezi.

"Umekuja kuninunua kwa kuku?" aliuliza.

"Ningekuwa na nia ya kukununua ningeleta mbuzi," Damiani alisema. "Nyie Wafipa mna bei."

Bibi akaficha kicheko kwa khanga. "Na nyie Wapimbwe mna njaa. Huyo kuku utamla mwenyewe kabla hujaondoka. Sema kilichokuleta."

"Nikuulize. Unataka kuta zote nne?"

"Za nini? Mimi si mgodi. Nataka wangu."

"Ule wa magharibi."

"Ule ule."

Damiani akafikiri. "Nitauacha. Nitaliunganisha soko na ukuta wako, uwe upande wa wauza nyanya. Nitaupiga chokaa, mvua isiule."

"Na unga wangu?"

"Utauweka. Nani atakukataza?"

"Watanicheka. Na padre akisikia?"

"Sasa hivi padre akikuuliza unamwambiaje?"

"Namwambia nalisha kuku."

Tulicheka wote watatu, hata mimi niliyekaa mlangoni. Wakanywa kutoka kibuyu kimoja, yeye kwanza, kisha Damiani, kama desturi ya watu waliokuwa na neno na sasa hawana. Nikapewa na mimi, niwe shahidi. Tukarudi mjini Damiani akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Sikupata kumsikia akiimba tena.

Asubuhi tukaenda moja kwa moja kwa Mhandisi kumweleza. Watu wakishapatana, kwetu jambo hupelekwa mbele ya mkubwa, likatamkwa, ndipo linakuwa limekwisha. Kunyamaza kungekuwa sawa na kuficha ugomvi. Mhandisi alisikiliza, uso ukachangamka, akampa Damiani mkono. Kisha akauachia pole pole.

"Mzee, umesema ukuta mmoja unabaki?"

"Unabaki."

"Ndani ya soko?"

"Ndani."

Akaenda dirishani. Tuliliona Ghala kutoka pale, bila paa. "Basi si soko lile tena," alisema. "Michoro iliyoko huko juu haina ukuta huo. Ilikuwa imefika meza ya mwisho, ndugu zangu. Sasa lazima ichorwe mingine, ianze safari upya."

Damiani akauliza, "Tungenyamaza?"

"Mngenyamaza, ningejenga mkaniambia baadaye." Akageuka. "Lakini mmekwisha niambia, na mimi nimekwisha sikia."

Kosa letu lilikuwa hilo, kama ni kosa. Tulipatana, tukasema tumepatana. Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote ya kazi na sijui hadi leo tungefanyaje. Damiani asingeweza kunyamaza, na ningemheshimu kidogo kama angeweza. Kwa hiyo sina la kuwafundisha hapo.

Michoro mipya ikaenda Tabora. Wakati iko huko, wilaya yetu ikatolewa Tabora na kuwekwa mkoa mpya wenye makao Sumbawanga. Tabora wakasema si yetu tena, Sumbawanga wakasema hatujaipokea. Mhandisi alisafiri mwenyewe kwa lori kuifuatilia, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Mtaalamu wa majengo ya zamani naye alifika, kwa treni. Mtu mwema. Alipima kila pembe, akamsikiliza Bibi Veronika kwa adabu, hata unga akauonja. Lakini alisema ukuta mmoja peke yake si jengo. Ama zihifadhiwe kuta zote nne na soko litafutiwe mahali pengine, ama iandikwe rasmi kwamba Ghala limefutwa. Bibi alitaka ukuta mmoja, mtaalamu alitaka zote nne, wilaya haikutaka hata mmoja. Kila mmoja alikuwa na sababu, na ningeweza kumtetea yeyote kati yao. Barua zikaendelea kupanda na kushuka. Mimi nikaendelea kumwagilia.

Mawe ya Ghala yalikuwa yameunganishwa kwa udongo tu. Jengo la namna ile linaishi kwa paa lake. Damiani aliomba tuufunike ukuta wa magharibi hata kwa nyasi, akaambiwa jengo lenye shauri haliguswi, hata kwa wema. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nyingi. Mchana mmoja, watu wakiwa wamejikinga kwenye vibaraza, tulisikia kishindo kizito, kisha mvua ikaendelea. Ukuta wa magharibi ulianza, na ule wa kaskazini ukaufuata. Hakuumia mtu. Damiani alikuwa nami bandani. Hakuuliza ni nini. Alisema, "Upande gani?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja kamba yake ya kujengea.

Bibi Veronika alikuja mvua ilipokatika, akatazama lile rundo. Jiwe lake lilikuwa humo na mengine, na mawe yaliyoanguka yanafanana. Akarudi nyumbani na unga wake.

Nilidhani hapo ndipo mwisho, lakini haukuwa. Kiangazi likaja agizo kwamba kuna mgeni mkubwa anakuja kwa treni, na barabara ya kutoka stesheni hadi ofisi ya wilaya ipangwe mawe pande zote mbili, yapakwe chokaa, na miti pia ipakwe mpaka kimo cha kiuno. Mawe yalikuwapo, rundo zima, katikati ya mji. Na chokaa mji mzima ulijua iko wapi.

Mhandisi alikuja shimoni mwenyewe, hakutuma mtu. Alivua kofia. "Gaspari," alisema, "nimekataa mara mbili. Mara ya tatu sina nguvu."

"Fundi anajua?"

"Nimeshindwa kwenda kwake."

Walikuja vibarua na ndoo. Niliondoa makuti, nikamwaga maji ya juu. Chokaa ile, ndugu zangu, sijaona nyingine kama ile, wala sitaiona. Ilikatika kwa sepetu kama siagi, bila chembe, nyeupe mpaka ya buluu. Wakaizimua kwa maji kwenye mapipa, wakaipaka kwa mifagio. Walikuwa wanaimba. Sikuwalaumu, ilikuwa kibarua. Kufikia jioni shimo lilikuwa tupu, matofali ya chini yanaonekana.

Mgeni alikaa kwenye gari kutoka stesheni hadi ofisini. Alipepea mkono. Kuhusu soko hakuna aliyeuliza, na aliyejua hakusema.

Kesho yake nilimpeleka Damiani kanisani, mkono wake begani mwangu. Tulipofika barabarani akasimama.

"Gaspari, kuna nini pale chini? Naona weupe. Upande huu na upande ule."

Alikuwa na wiki nyingi hajaniambia kwamba anaona kitu. Ningeweza kusema ni nguo zimeanikwa. Nikasema, "Ni mawe ya Ghala, fundi. Wameyapaka chokaa yetu."

Akainama, akapapasa mpaka akalipata jiwe. Akasugua kwa dole gumba, akasugua tena kwa nguvu, akakishika kidole karibu na jicho. Hakikutoka kitu.

"Imeiva," alisema.

Akaniomba tuendelee, tusichelewe misa.

Alifariki msimu wa baridi uliofuata. Mhandisi alitafuta mfuko mmoja wa saruji, sijui aliupata wapi, na kwa huo tukamjengea kaburi. Nilinyoosha kingo kwa timazi yake. Shimo la chokaa tulilifukia, mtoto asije akatumbukia. Pale palipokuwa na Ghala leo panaegeshwa bodaboda. Kibali, kama kilitoka, hakijafika Mpanda.

Chokaa inayopakwa kwa ajili ya wageni huwa inaondoka na mvua ya kwanza. Ile haikuondoka. Miaka mingi mawe yale yalibaki meupe kando ya barabara, na baada ya mavuno nilimwona Bibi Veronika akitembea peke yake kutoka jiwe hadi jiwe, anaweka mkono, anasogea. Siku moja alisimama kwenye moja karibu na stesheni. Sijui alilitambuaje, au alichoka tu akalichagua. Alifungua pindo la khanga, akainama, akaongea kidogo, akaenda zake. Unga juu ya chokaa hauonekani. Nilijua upo kwa sababu kuku walikuja.